Sanduku la sola na namba zisizoandikwa

Maziwa ya asubuhi hayana shida hapa Ndanai, kaunti ya Bomet. Ng'ombe hukamwa kukiwa bado giza, bodaboda hupakia mitungi, na jua linapochomoza maziwa yako njiani kwenda kwenye tangi la baridi. Shida ni ya jioni. Maziwa yanayokamwa saa kumi na moja hulala nyumbani, na yakilala bila baridi huamka yamechacha. Mursik, maziwa ya kuganda ya kibuyuni, hutengenezwa, watoto hunywa, jirani huchukua lita moja, lakini ng'ombe watatu wa gredi hutoa maziwa mengi kuliko wanavyoweza kumaliza kibuyu, watoto na jirani wakichanganywa.

Ndiyo maana familia nyingi zinazofikiria sola siku hizi zimeshapita hatua ya taa. Zinafikiria friji. Na dukani, iwe ni Kaplong, Bomet au Kisii, anayeulizia sola ya friji huonyeshwa sanduku la chuma la kuning'iniza ukutani, akaambiwa kwamba humo ndani mna kila kitu.

Maneno hayo ni ya kweli. Vifaa vitatu ambavyo zamani vilinunuliwa kimoja kimoja, yaani kidhibiti cha chaji, inverta na chaja ya betri, vimo katika kasha moja lenye upana wa kifua cha mtu. Mbele kuna kioo kidogo, vitufe vinne na taa tatu. Chini kuna feni mbili zinazovuma kazi ikizidi. Ni kifaa kizuri, na kimefungua milango iliyokuwa imefungwa. Tatizo ni kwamba kimetoka kiwandani kikiwa na namba za betri ya mtu mwingine, nyumba nyingine na nchi nyingine, na hakitazibadilisha chenyewe. Anayezibadilisha ni fundi. Zikiwa sawa, friji inalala na baridi yake miaka kadhaa. Zikiwa si sawa, bonasi nzima ya majani chai inateketea ukutani, polepole, bila moshi.

Kwa hiyo kila mtu anayeuziwa sanduku hili anastahili kukabidhiwa namba zake kwa maandishi, katika lugha anayoisoma, na mtu aliyeziweka atie sahihi. Hilo halifanyiki, na ni haki ya mnunuzi inayopotea bila yeye kujua.

Kenya si mgeni wa sola. Mwaka wa 1984, katika shule ya upili ya harambee ya Karamugi huko Meru, Harold Burris, Mmarekani aliyewahi kuhudumu katika Peace Corps, na mwalimu Mark Hankins walifunga taa za sola ili wanafunzi wasome usiku. Mafundi wa huko huko wakafunzwa, na sola ikaanza kuhamia nyumbani mwa walimu na wakulima. Mfumo wa siku hizo ulikuwa wazi kama shamba lililopaliliwa: paneli moja, betri ya gari, taa za volti 12 na televisheni ndogo ya rangi nyeusi na nyeupe. Nyaya zote zilionekana, na kitu kikiharibika fundi aliona palipokatika. M-KOPA ilipoanza mwaka wa 2012 kuuza sola ya kulipiwa kidogo kidogo kwa M-Pesa, kasha lilikuwa limefungwa lakini lilikuwa dogo, na kampuni ndiyo iliyobeba mzigo wa kulielewa. Sanduku la leo ni kubwa, lina nguvu ya kumuua mtu, na mzigo wa kulielewa umeachiwa mwenye nyumba.

Na si gumu kuelewa. Paneli hutoa mkondo mnyoofu, ule ambao mafundi huuita disii, na nguvu yake hupanda na kushuka kila wingu linapopita. Sehemu ya kwanza ya mashine, iliyoandikwa MPPT kwenye boksi, hujaribu bila kukoma: inavuta kidogo, inapima, inavuta zaidi, inapima tena, hadi ipate pale ambapo volti zikizidishwa kwa ampea zinatoa wati nyingi kuliko kwingine kote. Kisha inashusha volti hizo hadi kiwango cha betri, na kadiri volti zinavyoshuka ndivyo ampea zinavyoongezeka. Sehemu ya pili huchukua volti 48 za betri, ikazipandisha hadi mamia, kisha vijiswichi vya elektroniki vinavyojifunga na kujifungua maelfu ya mara kwa sekunde huukata mkondo huo na kuuchonga uwe wimbi laini linalopanda na kushuka mara 50 kwa sekunde, sawa na stima ya nguzo za Kenya Power. Sehemu ya tatu hufanya kinyume: jenereta au stima ikiwapo, huigeuza na kuijaza kwenye betri.

Kati ya sehemu hizo kuna swichi inayochagua umeme utoke wapi, na hubadilisha njia kwa milisekunde 10 hadi 20. Usiku wa tarehe 25 Agosti 2023, karibu nchi nzima ilipoingia gizani na hata uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta ukakwama, katika nyumba yenye sanduku kama hilo na betri iliyojaa, taa zilipepesa tu.

Sasa zije namba, kuanzia juu ya paa.

Paneli za kisasa za wati 550 huwa na takriban volti 50 kila moja zikiwa hazijaunganishwa na mzigo. Fundi huzifunga mkia kwa kichwa ili volti zijumlike. Mashine nyingi za kilowati 5 zinazouzwa sasa haziruhusu zaidi ya volti 450 kutoka kwenye paneli. Mtu akipiga hesabu dukani Nairobi ataona paneli tisa zinatoshea: tisa mara 49.8 ni 448. Lakini volti hizo zilipimwa kiwandani paneli ikiwa na joto la nyuzi 25, na paneli hupandisha volti inapopoa, karibu asilimia 0.27 kwa kila nyuzi moja. Ndanai alfajiri, umande ukiwa bado kwenye nyasi, joto linaweza kuwa nyuzi 12. Jua la kwanza likiipiga paneli baridi namna hiyo, zile volti 448 zinakuwa 464. Mashine iliyonusurika miezi ya joto inakufa asubuhi moja ya Julai, na mwenye nyumba anaambiwa kwamba ni radi.

Kinyume chake ni cha kawaida zaidi, na kinauma kwa sababu aliyeathirika huwa ndiye mwenye pesa kidogo. Anaweza kununua sanduku kubwa na paneli mbili, akikusudia kuongeza nyingine mavuno yakija. Paneli mbili zikifanya kazi hutoa kama volti 84. Mashine nyingi za aina hiyo hazianzi kuchukua umeme wa jua kabla ya volti 120. Jua linawaka, paneli ni safi, nyaya ni nzima, na kioo kinaonyesha sufuri. Kuna mashine nyingine zinazoanzia volti 60 na zingemfaa kabisa. Tofauti ya mashine hizo mbili ni mstari mmoja kwenye kibandiko cha ubavuni, na mtu hawezi kuuliza asichojua kuwa kipo.

Tukishuka hadi kwenye betri, hapo ndipo pesa nyingi hupotea. Mashine nyingi hutoka kiwandani zikiwa zimepangiwa betri ya asidi iliyofungwa, na kiwango cha kuzima betri zikiwa zimeishiwa ni volti 42. Betri nne za volti 12 zikifika hapo, kila moja imebaki na volti 10.5, yaani imekamuliwa hadi tone la mwisho. Penye gridi hilo si janga, kwa sababu mashine huachana na betri mapema, kama kwenye volti 46, ikarudi kwenye stima. Ndani ya Ndanai, mbali na nguzo, hakuna stima ya kurudia. Mashine inaendelea kuvuta hadi 42, usiku baada ya usiku, na betri ambazo zingeishi miaka zikiachiwa nusu ya chaji yake zinakufa ndani ya miezi. Tiba yake ni kubonyeza vitufe kwa dakika mbili: kupandisha 42 ifike 47 au 48. Ni dakika mbili ambazo hakuna anayezilipia, kwa hiyo mara nyingi hazifanywi.

Betri za lithiamu, ambazo bei yake imeshuka hadi mkulima wa kawaida anaanza kuziulizia, zina mahitaji yao. Ile ya volti 51.2 ina seli 16 za volti 3.2 zilizopangwa mfululizo, na ikiwa ya ampea-saa 100 huhifadhi yuniti 5 hivi, yaani kilowati-saa 5. Hujazwa hadi volti 56 na kidogo na kuachishwa kwenye 48 hivi. Ndani yake kuna mlinzi wa elektroniki anayefunga mlango akiona hatari. Mashine iliyoachwa na namba za asidi humlazimisha mlinzi huyo kuufunga, nyumba inaingia giza la ghafla, na wakati mwingine betri haiamki hadi fundi aje kuiamsha. Ikiwa mashine imewekwa kwa betri ya asidi ya kuongezwa maji, nayo ina desturi ya kuipandishia betri volti kila baada ya siku kadhaa ili kuisawazisha, lithiamu inasukumwa kupita kiwango chake. Hiyo desturi inapaswa kuzimwa. Ni kitufe kimoja.

Kuna ulaji mwingine usioonekana. Sanduku la kilowati 5 likiwa limewashwa tu, bila hata taa moja, hula wati 50 hivi. Kwa saa 24 hizo ni yuniti 1.2. Paneli ya wati 400, katika nyanda hizi ambako mawingu hujikusanya karibu kila alasiri, hutoa kama yuniti 1.3 au 1.4 kwa siku ukiondoa hasara za njiani. Kwa maneno mengine, paneli nzima inafanya kazi kutwa ili sanduku lisisinzie. Friji ndogo ya maziwa hula kiasi hicho hicho cha yuniti kwa siku, televisheni na taa nane za wati 7 zikaongeza chini ya moja. Nyumba ya namna hiyo ingetosheka na mashine ya kilowati 2 au 3 inayokula nusu ya hapo ikiwa imekaa. Hata mshtuko wa friji inapowaka, ambao hufika mara tano au sita ya wati zake, haufiki kilowati moja.

Kwa nini basi anauziwa ya 5? Kwa sababu anasema ana mashine ya kukatia nyasi, na muuzaji anamwambia 5 itaivuta. Mota ya mashine hiyo ikiwa ya nguvu za farasi 3 ni kilowati 2.2, na kwenye karatasi inatoshea. Lakini mota inapoanza kuzunguka huvuta mkondo mara tano hadi saba ya ule wa kawaida. Sanduku la kilowati 5 linaloweza kuvumilia 10 kwa sekunde chache huishia hapo, likapiga kelele na kujizima. Kwa hiyo mfugaji amenunua mashine iliyo kubwa mno kwa friji na ndogo mno kwa mota, na anaendelea kununua petroli ya kukatia nyasi huku sanduku likila paneli moja kila siku. Swali la nini kitawashwa, saa ngapi, na kwa muda gani lilipaswa kuulizwa kabla ya bei kutajwa.

Wakubwa huliuliza. Katika shamba la chai la Changoi, la kampuni ya Williamson Tea, mfumo wa sola wa megawati 1 ulifungwa mwaka wa 2014 na kuunganishwa na gridi na jenereta za kiwanda. Hakuna anayefunga megawati moja bila kujua kiwanda kinakula nini saa nne asubuhi na kinakula nini saa nane usiku. Mkulima anayepeleka majani kwenye kituo cha ununuzi anastahili hesabu hiyo hiyo, hata kama yake inatoshea nyuma ya risiti.

Wapo wauzaji wanaojibu kwamba mteja wa kijijini hataki namba, anataka bei. Mwenye kusema hivyo hajasimama kwenye kituo cha kununulia majani. Mkulima wa chai humtazama karani na mizani bila kupepesa, anajua ni uzito gani unakatwa kwa ajili ya gunia, na anakumbuka kilo zake za mwezi uliopita. Mfugaji naye anajua lita za kila ng'ombe kwa jina lake. Watu wanaoishi kwa namba namna hiyo hawashindwi na 48 na 56. Hawajaonyeshwa tu.

Sheria ipo. Kanuni za mifumo ya sola za mwaka wa 2012, ambazo leo husimamiwa na Mamlaka ya Kudhibiti Kawi na Petroli, EPRA, zinataka fundi wa sola awe na leseni, na leseni hizo zina ngazi kuanzia T1 ya mifumo midogo hadi T3 inayohusu mifumo mikubwa na ile inayochanganya vyanzo kadhaa vya umeme. Serikali pia imejua kutumia kodi: msamaha wa VAT kwa vifaa vya sola uliondolewa mwaka wa 2020, malalamiko yakapanda, ukarudishwa mwaka wa 2021. Nafuu hiyo ya bei ilifika hadi dukani. Fundi wa T3 hajafika. Mafunzo ya ngazi hiyo hutolewa na taasisi kama Chuo Kikuu cha Strathmore jijini Nairobi, na kijana wa Sotik anayefunga sanduku baada ya sanduku kwa mikono yake hana nauli, ada na majuma ya kuyafuata huko. Kumkamata hakumsaidii mtu. Vyuo vya ufundi vya Bomet na Kericho vingeweza kufundisha kozi hiyo papa hapa, kabla mwezi wa Oktoba haujapita na pesa za bonasi ya chai, na EPRA ikaja kuwatahini vijana mahali walipo.

Na kanuni hizo zikifanyiwa marekebisho, ziongeze karatasi. Karatasi moja ibandikwe kando ya kila sanduku, kwa Kiswahili: aina ya betri, volti za kujaza, volti za kushikilia, volti za kuzima, paneli ni ngapi na volti zake za asubuhi ya baridi ni ngapi, nini kisichomekwe. Unene wa waya wa betri uandikwe pia, kwa sababu kilowati 5 kutoka kwenye volti 48 ni ampea zaidi ya 100, na waya mwembamba au skrubu iliyolegea hapo huchemka hadi plastiki inanuka. Iandikwe kama mashine imeruhusiwa kupokea jenereta ndogo ya petroli, ambayo umeme wake hutetereka na hukataliwa mashine ikiwekwa kwenye mpangilio wa kulinda kompyuta. Chini ya yote, namba ya leseni ya fundi na sahihi yake.

Mambo mawili ni ya huku hasa, na hakuna kitabu cha kiwandani kitakachoyataja. Ukanda wa Kericho na Nandi Hills unajulikana duniani kwa mvua ya mawe. Paneli iliyopitishwa kwa viwango vya kimataifa hupigwa na barafu ya kipenyo cha milimita 25 kwa mwendo wa mita 23 kwa sekunde na hutakiwa kuvumilia, kwa hiyo cheti hicho kiulizwe kabla ya rangi na jina. La pili ni stoo. Sanduku hupenda kufungwa mahali pa siri, na siri ya nyumba ya mkulima iko kwenye magunia ya mahindi. Feni hunyonya vumbi la mahindi na wadudu wake, matundu huziba, na mashine hupunguza nguvu kwa joto lake yenyewe mchana ule ambao jua ni zuri. Brashi ya rangi na dakika tano kila mwezi, mashine ikiwa imezimwa kabisa, huondoa tatizo hilo.

Mama anayeamka saa kumi na moja alfajiri kwenda kukamua ndiye aliye mahali pazuri kuliko fundi yeyote, kwa sababu saa hiyo jua halijaanza kuichaji betri na kioo kinasema ukweli wa usiku mzima. Kwa betri nne za asidi, akikuta 49 au zaidi, anaendelea na ndoo yake. Akikuta chini ya 49 siku mbili mfululizo, jioni hiyo televisheni izimwe mapema, friji iachwe ikiwaka, na fundi aliyetia sahihi apigiwe simu kabla maziwa hayajachacha.